Nina pumu na naogopa lifti, nishuke mgodi wa zamani wa makaa ya mawe ama nibaki juu?

"Habari injinia. Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Umoja. Msichana wangu ni nesi kule Cardiff, Wales, na mwezi wa nane naenda kumuona kwa mara ya kwanza. Amepanga tuende mahali panaitwa Big Pit, ati ni mgodi wa makaa uliofungwa ukafanywa makumbusho, na watu wanashushwa chini kabisa na lifti, sisi na mjukuu wangu wa miaka minne. Mimi nina pumu, natumia inhela. Mwaka juzi nilikwama kwa lifti ya jengo moja hapa tao stima ilipopotea, karibu dakika arobaini, na tangu siku hiyo napanda ngazi. Nimesoma kwamba wanakunyang'anya simu na saa kabla ushuke kwa sababu ya gesi, sasa kama kuko salama mbona wachukue simu? Na hapa nyumbani wakati wa baridi nikiwasha jiko la makaa ndani kichwa huniuma mpaka saa zingine natapika, sasa kwa mgodi mzima wa makaa si nitakufa? Sitaki kumvunja moyo msichana wangu. Niende ama nikatae?"

Asante mama kwa kuandika kirefu hivi, maana ungefupisha ningekujibu vibaya. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hewa ya migodini, kupima gesi, kupanga feni, kufundisha watu vile watatoka moshi ukiingia, na barua yako nimeisoma mara tatu. Ndani kuna woga wa gesi, kuna pumu, kuna ile lifti, kuna mjukuu, halafu kuna sentensi moja umeipitisha haraka haraka kama si kitu, ile ya jiko na kichwa na kutapika. Nitaanza na hiyo, kwa sababu Big Pit utaenda mwezi wa nane lakini jiko pengine unawasha leo jioni.

Sisi tunaita vitu viwili jina moja. Makaa yetu ya jiko ni mti uliochomwa ukiwa umefunikwa. Makaa ya mawe ni kitu kingine, ni mimea ya kinamasi iliyozikwa chini ya matope na mchanga ikakandamizwa mpaka ikawa jiwe jeusi, na ya Wales ina zaidi ya miaka milioni 300. Jiwe hilo likiwa limetulia kwa ukuta wa mgodi halikutolei ile hewa ya jiko. Kinachotoa ile hewa ni moto, moto usiopata hewa ya kutosha, na Big Pit hakuna mtu amewasha moto. (Nisikufiche, makaa ya mawe yakikaa kwa rundo mahali hewa haipiti vizuri yanaweza kujipasha joto yenyewe polepole, na ndio maana migodi ya makaa hupima hewa kila wakati kutafuta dalili hata kidogo ya hiyo kitu.)

Sasa jiko lako. Ile hewa inaitwa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na ukiivuta inashika damu yako kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko vile oksijeni inavyoshika, kwa hivyo damu inazunguka mwilini lakini imebeba mzigo usiofaa. Kichwa kinaanza kugonga, kizunguzungu, kutapika, miguu inakuwa mizito, halafu usingizi. Mama, hiyo unayoieleza ndiyo hiyo. Hiyo si baridi wala presha ya kawaida, na ukitoka nje ukapata nafuu baada ya muda basi umejijibu mwenyewe. Kitu kinachoua watu wetu hapa Nairobi ni ile imani kwamba makaa yakishashika yakawa mekundu bila moshi sasa yameiva na unaweza kuyaingiza ndani. Moshi umeisha, lakini hiyo hewa bado inatoka, na haitakutoa machozi ikuonye. Tafadhali jiko liwake nje, kwa baraza au kwa balkoni, na kama lazima upikie ndani fungua mlango na dirisha la upande wa pili hewa ipite kabisa, na lisilale ndani na watu hata likiwa majivu yenye moto kidogo. Mtu akizirai mtoe nje kwanza, halafu hospitali, na uwaambie wazi kulikuwa na jiko. Maziwa hayaondoi hiyo hewa kwa damu, kinachosaidia ni oksijeni. Na hiyo hali ya kutapika umwambie daktari wako hata kama sasa hivi unajisikia poa.

Nimekaa hapo sana makusudi, kwa sababu hiyo hewa ya jiko ndiyo imeua wachimbaji wengi sana kwenye historia ya makaa ya mawe. Mlipuko ukitokea chini, wengi walikuwa hawafi kwa moto wenyewe, walikufa dakika chache baadaye kwa hewa iliyobaki. Ndio wakaanza kubeba ndege, yule kanari, wazo la mwanasayansi anaitwa John Scott Haldane, maana ndege mdogo anapumua haraka na anaanguka kabla ya mtu kuhisi kitu. Uingereza waliendelea kutumia kanari mpaka miaka ya 1980 ndio mashine zikachukua kazi. Wewe nyumbani kwako huna kanari, una kichwa chako, na kimekuwa kikikuonya.

Haya, twende kwa simu na saa. Umeuliza kama kuko salama mbona wazichukue, na hilo ni swali la mtu anayefikiri. Makaa ya mawe yanabeba ndani yake gesi nyingine inaitwa metheni, ile inayoshika moto. Ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 hivi, cheche moja inatosha. Chini ya hapo hailipuki, juu ya hapo pia hailipuki kwa sababu oksijeni haitoshi, lakini hakuna mtu wa migodi anataka kukaribia hiyo hesabu, kwa hivyo gesi inapimwa na hewa inasukumwa ili ibaki mbali kabisa chini ya 5. Big Pit ingawa ni makumbusho, kisheria bado inachukuliwa kama mgodi wa makaa, na sheria ya mgodi wa makaa haijali kama umekuja kuchimba ama umekuja kupiga picha. Chochote chenye betri kisichotengenezwa kwa kazi ya mgodini, simu, saa, rimoti ya gari, pamoja na kiberiti na laita, vinabaki juu. Fikiria petroli stesheni pale kwa barabara yenu, kuna bango la usivute sigara. Ukiliona huwa hukimbii ukisema stesheni inalipuka, unajua ni mahali watu wanajua wanachofanya. Mimi ningeogopa mgodi wa makaa ambao ungeniacha nishuke na simu.

Utavaa helmeti, taa ya kichwani, mshipi wenye betri ya hiyo taa na kifaa cha kujiokoa, vyote pamoja kama kilo 5. Hicho kifaa ni kwa ajili ya ile ile kaboni monoksidi tuliyoongea, unakiweka mdomoni likitokea la kutokea, upate muda wa kutoka. Kabla ushuke watakuonyesha vile kinatumika na tafadhali sikiza, watu wengi wakati huo wanacheka na kurekebisha nywele. Na kwa nywele, mama, kama ulikuwa upige zile rasta kubwa za kufunga juu kabla ya safari fikiria tena, helmeti haitakaa. Wengi hufikia hapo kwa mlango ndio wanagundua.

Vile hewa inaingia chini ndio kitu napenda kuelezea kuliko vyote kwa sababu ukielewa hiyo, nusu ya woga inapungua. Mgodi si shimo moja lenye hewa iliyolala ndani, mgodi wa kweli una njia mbili za kutokea, moja hewa inaingia nyingine hewa inatoka, na feni inavuta. Ni kama wewe ukifungua dirisha la jikoni na mlango wa nyuma, upepo unapita katikati ya nyumba, ukifunga mmoja upepo unakufa. Hapo zamani kabla ya feni walikuwa wanawasha moto chini ya shimo la kutokea, hewa moto ikipanda inavuta hewa safi kutoka upande wa pili, vile tu moshi unapanda kwa bomba la jiko la shambani. Ndani ya njia kuna milango ya mbao ambayo kazi yake ni kuilazimisha hewa ipite kila kona badala ya kukata njia ya mkato.

Na hizo njia mbili zilipatikana kwa machozi. Mwezi wa kwanza mwaka 1862, mahali panaitwa Hartley kaskazini mwa Uingereza, mgodi ulikuwa na shimo moja tu la kuingilia na kutokea. Chuma kikubwa cha mashine ya kuvuta maji kikavunjika kikaanguka ndani ya shimo likaziba, na wengi wa waliokuwa chini hawakuwa wameumia, walikuwa wazima kabisa, lakini hewa haikupita tena na ile ile kaboni monoksidi ikawaua. Watu na watoto 204 walikufa. Mwaka huo huo bunge lao likapitisha sheria kwamba kila mgodi uwe na njia mbili. Kwa hivyo ukifika pale chini, muulize kiongozi wenu, njia ya pili iko wapi? Atakujibu kwa furaha, wanapenda mtu anayeuliza hivyo, na wewe utakuwa umejua.

Wale viongozi wenyewe ni sababu mojawapo ningetaka sana upate kuona mahali hapo, hata kama ni juu tu. Wengi ni watu waliofanya kazi ya mgodi kwa mikono yao. Big Pit ilifungwa 1980 makaa yalipoisha (kuna watu hudhani ilifungwa kwa sababu ya gesi, hapana) na ikafunguliwa kama makumbusho 1983, halafu mwaka 2000 UNESCO wakaweka eneo lote la Blaenavon, mji ambao mgodi huo uko, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe wa kina kirefu Uingereza nzima, Kellingley, ulifungwa mwezi wa kumi na mbili 2015. Ni vijana wachache sana wanaoingia kwa hiyo kazi tena, kwa hivyo kila mwaka wale wanaoweza kukuambia "mimi nilikuwa hapa" wanapungua, na hiyo sauti kibao cha maelezo ukutani hakiwezi kuibadilisha. Nimeshukia migodi mingi na bado nikipata mzee wa namna hiyo nanyamaza nisikilize.

Najua pia kichwani una picha za habari za jioni, shimo limeporomoka Migori ama Siaya ama Kakamega, watu wanachimba na majembe kutafuta wenzao. Hayo mashimo ni ya watu wanaotafuta riziki bila mbao za kutosha, bila feni, bila mkaguzi, udongo wa juu umelegea na mvua imenyesha. Ni kitu tofauti kabisa na njia zilizoshikiliwa kwa pao za chuma na kukaguliwa kabla wageni hawajashuka. Sisemi haiwezekani kitu kutokea chini ya ardhi, hakuna mtu mkweli wa kazi hii atakuambia hivyo, nasema ukilinganisha na kuvuka barabara ya Outering jioni, mimi ningekushika mkono zaidi pale Outering.

Kina chake ni mita 90. Jumba la KICC pale tao lina mita 105. Kwa hivyo ni kama umeanzia karibu na juu ya KICC ukashuka mpaka chini, hiyo tu. Na kitu ambacho najua hakuna mtu amekuambia: wewe mkazi wa Nairobi unaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, mapafu yako yamezoea kufanya kazi na kidogo. Blaenavon ni mji wa mlimani kwa hesabu za kwao lakini uko chini sana kuliko Umoja. Ukiwa ndani ya ule mgodi, kila pumzi itakuwa na oksijeni zaidi ya unayopata hapa nyumbani, zaidi ya asilimia 15. Ile picha ya kwamba ukishuka chini hewa inakuwa nyembamba ni kinyume, hewa inakuwa nyembamba ukipanda. Ukiweza kupumua ukingojea matatu hapo Umoja, hewa yenyewe ya Big Pit haitakunyima kitu.

Kinachoweza kusumbua pumu ni baridi, kutembea, na vumbi. Baridi: chini pale ni kama nyuzi 10 na kitu mwaka mzima, yaani asubuhi ya Julai hapa Nairobi, na kuna matone ya maji na upepo wa feni usoni. Kwa watu wengi wenye pumu hewa baridi inafinya kifua. Kutembea: ziara inachukua kama dakika 50, sakafu si sawa, kuna mahali unainama, na ule uzito kwa kiuno. Vumbi ni kidogo kuliko unavyofikiria kwa sababu hakuna anayechimba, na njia zina unyevu. Ule ugonjwa wa mapafu meusi ambao umewamaliza wachimbaji wengi sana unatokana na kuvuta vumbi miaka na miaka, hauletwi na ziara ya saa moja, wala hauambukizwi na mzee atakayekuongoza hata akikohoa mbele yako. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuona mgeni akijiziba mdomo na kumkwepa mzee wa watu, na yule mzee akaona.

Kuhusu pumu yenyewe mimi si daktari, na hapa nakukabidhi kwa wenyewe. Lakini ningetaka ujiulize maswali haya kwa ukweli: unatumia ile inhela ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Unaamka usiku ukikohoa ama kifua kikipiga filimbi? Umewahi kulazwa ama kuwekwa kwa mashine ya mvuke mwaka huu? Kama kuna ndiyo hata moja, pumu yako haijatulia, na usishuke kabla hujaonwa. Nenda kliniki ya kifua wiki kadhaa kabla ya ndege, si siku mbili kabla, kwa sababu dawa ya kutuliza mapafu inachukua muda kufanya kazi. Mwambie daktari utakuwa mahali pa baridi, utatembea karibu saa moja, na ukibanwa huwezi kutoka nje kwa dakika moja. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Inhela ubebe, haina betri, lakini kwa vile ni mkebe wenye presha waonyeshe pale juu kabla ya kushuka msije mkabishana kwa mlango wa lifti. Kama una kifaa chochote cha betri mwilini, cha masikio, cha moyo, cha kupima sukari, msichana wako awapigie kabla ya siku yenyewe.

Na sasa lifti, na hapa nitasema wazi kwamba kwa maoni yangu hiki ndicho kizingiti chako kikubwa, sio gesi wala mapafu. Dakika arobaini gizani ni nyingi na pole sana. Kinachotokea ni hivi: mwili ukiogopa unaanza kupumua haraka haraka, unatoa hewa chafu nyingi kuliko inavyotakiwa, halafu vidole vinawasha, midomo inakufa ganzi, kifua kinabana, na unahisi hewa imeisha ilhali oksijeni imejaa tele. Mtu mwenye pumu hapo anachanganyikiwa, anadhani ni shambulio la pumu, anapuliza inhela, moyo unaenda mbio zaidi. Ujue tofauti: pumu mara nyingi inapiga filimbi na inahangaika kutoa hewa nje, na inhela inasaidia baada ya dakika chache. Woga unawasha vidole, unapita ukitoa pumzi polepole ndefu kuliko ile ya kuvuta ndani. Ukiwa huna uhakika, ichukulie kama pumu na umwambie mtu.

Ile lifti ya mgodini wanaiita kizimba kwa sababu ndiyo hivyo, chuma wazi, unaona ukuta wa shimo ukipita na hewa inakupiga. Kuna watu wanaoogopa lifti za ofisini lakini hii wanaivumilia kwa sababu haijazibwa, na kuna wengine kinyume, sitakudanganya kwamba najua wewe ni yupi. Unaweza kujua kabla ya mwezi wa nane bila kupanda ndege. Anza na lifti ya ghorofa mbili ukiwa na mtu unayemwamini, mchana, ushuke, upande tena, siku nyingine ghorofa tano, na ukifika mahali uko sawa nenda KICC upande mpaka juu kabisa uone Nairobi yote, halafu ushuke. Ukishindwa kabisa njiani, hujafeli mtihani wowote, umepata jibu, na mtaalamu wa mambo ya akili anaweza kukusaidia hiyo kitu kwa wiki chache, ni moja ya mambo yanayotibika vizuri.

Pia nikuonye jambo moja ili lisikushtue. Chini pale kuna wakati kiongozi anaomba kila mtu azime taa. Giza lake hujawahi kuliona, stima ikipotea Umoja bado kuna nyota na simu ya jirani, pale hakuna kitu, unaweka mkono mbele ya macho na hauoni. Wanafanya hivyo kukuonyesha vile watoto walikaa. Kabla ya sheria ya 1842 kule Uingereza, watoto wa miaka sita, na wengine wadogo zaidi, walikuwa wanakaa peke yao kwenye ile milango ya hewa niliyokueleza, siku nzima, kazi yao ni kuvuta kamba mlango ufunguke mkokoteni ukipita na ufungike tena. Hewa ya mgodi mzima ilitegemea mtoto asilale. Sheria hiyo ndiyo iliyokataza wanawake, wasichana na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini. Mimi hiyo dakika ya giza naiheshimu sana, lakini kwa mtu aliyekwama kwa lifti dakika arobaini inaweza kuwa ndiyo inayomvunja. Mwambie kiongozi mapema, umshike msichana wako mkono, ama omba kusimama karibu na kiongozi.

Sasa uende ama ukatae? Kama pumu imetulia, daktari amekubali, na KICC umeipanda ukashuka bila kutetemeka, nenda, utashangaa. Kama pumu haijatulia, usishuke, na hapo sina mjadala, kwa sababu kutoka katikati ya ziara ni kutembea kurudi na kungoja kizimba. Na kama ni woga tu unakukataza, kuna njia ya katikati ambayo pengine msichana wako haijui: Rhondda Heritage Park, pale Trehafod, si mbali na Cardiff, ulikuwa mgodi wa Lewis Merthyr uliofungwa 1983. Huko pia wanaoongoza ni waliokuwa wachimbaji, mnapewa helmeti, lakini ile safari ya kushuka ni ya kuigiza, hamshuki kabisa mita 90, ni kama sinema unayoingia ndani yake. Kwa mtu wa kujipima ni mahali pazuri sana pa kuanzia.

Hata Big Pit yenyewe usiichukulie kwamba ni lifti peke yake. Juu pale kuna mabafu ya wachimbaji yaliyojengwa 1939, safu za makabati walikoweka nguo safi upande mmoja na za kazi upande mwingine. Kabla ya mabafu mchimbaji alirudi nyumbani mweusi tii na mke ndiye alichemsha maji, akamuogesha kwa karai mbele ya moto, akafua zile nguo, kila siku, na kama ana wana watatu mgodini basi karai mara nne. Mama kama wewe hapo ndio utasimama sana nafikiri. Kuna pia maonyesho ya mashine na mitambo ya kuvuta kizimba. Kuingia ni bure, ni ile ya kushuka tu ndio muangalie tiketi mapema. Unaweza kukaa juu saa mbili ukanywa chai ukiwangoja na usiwe umekosa siku.

Msichana wako ni nesi, kwa hivyo msomee hii barua yangu kwa simu, hasa ya jiko na ya pumu, atanielewa haraka. Usimfiche ile hadithi ya lifti kwa kuogopa kumvunja moyo, nina uhakika hajui ama hangepanga hivi. Afadhali ajue sasa kuliko ajue mkiwa mmefungiwa mlango wa kizimba.

Mjukuu ni rahisi: lazima awe amefika urefu wa mita 1 ndio ashuke. Watoto wa miaka minne wengine wamefika, wengine bado sentimita mbili tatu, kwa hivyo mpimeni kwa ukuta na viatu vimevuliwa kabla mumuahidi chochote, maana mtoto akiahidiwa kushuka chini ya ardhi halafu akataliwe kwa mlango mtalia wote. Kama hajafika basi una sababu nzuri ya kubaki juu naye na hakuna atakayekuuliza. Na hata akifika, mkumbuke ile dakika ya giza.

Siku yenyewe mvae viatu vya kufunga visivyo na kisigino na jaketi ya ile baridi ya Julai, mwende choo kabla, na maneno ya kwanza mtakayomwambia kiongozi kabla hajakupa helmeti yawe kwamba una pumu, inhela iko mfuko gani, na kwamba uliwahi kukwama kwa lifti. Ukirudi Nairobi niandikie uniambie ulishuka ama ulibaki juu, na mjukuu alifika mita ama hakufika.